Nani Amewachosha Wajenzi?

Soma kwa ajili ya kujifunza: Nehemia 1, 2:1-8, 4, 5:1-13, 6:1-16, Yakobo 5:1-11.

Sabato moja nilitembelea kanisa dogo la kijijini wilayani Kyerwa. Nafanya kazi katika idara ya elimu ya kanisa, na sehemu ya kazi hiyo ni kukaa nyuma ya vikundi vya Shule ya Sabato, kusikiliza, kisha kuzungumza na walimu baada ya ibada. Siku ile kikundi kilikuwa katika Nehemia sura ya 4. Mwalimu, kijana mwenye bidii, aliuliza swali ambalo sisi walimu hulipenda: Sanbalati na Tobia wa leo ni akina nani, nasi tuwajibuje?

Majibu yalikuja haraka. Mmoja alitaja mwajiri asiyetaka kumpa ruhusa siku ya Sabato. Mwingine alimtaja mwanawe aliyewekewa mtihani Jumamosi. Dada mmoja alieleza jinsi ndugu wa mumewe walivyomcheka alipokataa kumpeleka mtoto kwa mganga. Kila jibu lilipokewa kwa "Amina", na kila mara mwalimu alifunga kwa maneno yale yale: tuombe, tuvumilie.

Kisha mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango akainua mkono. "Mwalimu," alisema, "huyo Sanbalati mimi sijamwona. Hakuna anayenipinga. Mimi nimechoka tu." Wengine walicheka kidogo. Mwalimu akatafuta la kusema, lakini kengele ikagongwa, katibu akasimama kusoma taarifa, na neno la mzee likabaki pale mlangoni.

Sijalisahau. Tumejifunza vizuri kuwajibu watu wanaopingwa. Lakini mtu aliyechoka tunampa neno lile lile tulilompa aliyepingwa, kana kwamba ni dawa moja ya magonjwa mawili. Tunapomwambia mtu "omba, vumilia", tunamwambia nini hasa? Na ni nani mwenye haki ya kumwambia? Naomba tumsome Nehemia tena, mzee yule akiwa kati yetu.

MAOMBI YA MIEZI MINNE

Habari za Yerusalemu zilimfikia Nehemia huko Shushani katika mwezi wa Kisleu. Nafasi ya kusema na mfalme Artashasta aliipata katika mwezi wa Nisani (1:1, 2:1). Ni kama miezi minne. Muda wote huo kazi yake kwa ajili ya mji ule ilikuwa kulia, kufunga na kuomba. Yale maombi mafupi ya sura ya 2, pale alipoinua moyo kwa Mungu kabla ya kumjibu mfalme, yalitoka katika miezi ile. Asiyezoea kuomba faraghani hayapati kirahisi maombi ya dakika moja mbele ya mkubwa.

Lakini angalia alichoomba katika 1:6, 7. Mji ulikuwa umebomolewa na Wababeli zaidi ya miaka mia moja kabla ya siku hiyo. Nehemia alikuwa hajazaliwa. Angeweza kuomba dhidi ya Babeli, au dhidi ya majirani waliofurahia magofu. Badala yake aliungama dhambi za watu wake, tena akajiweka ndani ya hesabu, yeye na nyumba ya baba yake. Weka alama hapo. Tutaparudia.

Kazi ilipoanza, Sanbalati alicheka, na Tobia akaleta mzaha wake wa mbweha. Nehemia alijibu kwa maombi makali hata wengi wetu huyaruka tunapofundisha (4:4, 5). Nimeulizwa mara nyingi kama Mkristo anaruhusiwa kuomba hivyo. Mimi naona Nehemia alimpelekea Mungu hasira yake ikiwa mbichi, akaiacha huko, akarudi kwenye mawe. Sura haisemi kwamba alimtupia Sanbalati jiwe hata moja. Hilo ni afadhali kuliko mtu anayeomba kwa maneno laini kisha akatoka kwenda kulipiza. Hata hivyo Bwana wetu ametupeleka mbele zaidi katika Mathayo 5:44, na nisingependa watoto wetu wafundishwe kuyatumia maombi yale juu ya majirani zao.

Adui walipoacha mzaha na kupanga vita, maombi na zamu ya ulinzi vilikwenda pamoja, tena katika aya moja (4:9). Katika makanisa yetu mambo haya mawili mara nyingi hugawanywa: wapo wa kufunga na kuomba, na wapo wa kamati. Nehemia hakuwa na mgawanyo huo. Aliyeomba ndiye aliyekesha.

Sipuuzi upinzani wa nje. Kazi ya Waadventista katika nchi yetu ilianza mwaka 1903 huko Giti, Upare, kwa mikono ya wamisionari wa Kijerumani. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, wamisionari wale walitenganishwa na kazi yao, na waumini wachanga wakalazimika kushika imani bila wao. Upinzani wa namna hiyo unaonekana, una jina, na mara nyingi hutuunganisha. Kanisa linajua kusimama mbele yake. Lakini mzee wa Kyerwa hakuwa akizungumza habari zake.

KIFUSI

Aya ya 10 ndiyo aya yake. Wanaosema hapo ni watu wa Yuda wenyewe: wabeba mizigo wameishiwa nguvu, kifusi kimezidi, na ukuta hawatauweza. Tena ilikuwa lini? Ukuta ulikuwa umeshafika nusu yake (4:6). Mwanzoni kulikuwa na shauku, na mwishoni kungekuwa na furaha ya kuzindua. Walichoka katikati, wakati hakuna anayepiga picha.

Watu wa Kagera tunajua kifusi ni nini. Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, alasiri, ardhi ilitikisika kwa kipimo cha 5.9. Ilikuwa Sabato, wengine walikuwa bado kanisani, wengine ndiyo kwanza wamerudi nyumbani. Watu wasiopungua 17 walipoteza maisha, mamia waliumia, na nyumba nyingi mno zilianguka au kupasuka, hasa Bukoba na Missenyi. Shule kongwe za Ihungo na Nyakato ziliharibika hata zikafungwa kwa muda. Siku za kwanza kulikuwa na watu wengi: wenye mahema, wenye mablanketi, viongozi, wachungaji wa makanisa yote na masheikh. Uchovu ulikuja baadaye, magari yalipoondoka. Mtu alisimama mbele ya nyumba iliyolala chini, na kabla ya kuweka tofali jipya ilimpasa aondoe yale ya zamani. Kuondoa kifusi hakuonekani kama kujenga. Unafanya kazi tangu asubuhi, na jioni hakuna mstari hata mmoja uliopanda. Anayepita njiani anakuuliza, "Bado hujaanza?"

Sura ya 3 ya Nehemia ina orodha ndefu ya wajenzi na sehemu za ukuta walizojenga. Hata wakuu wa Tekoa waliokataa kuinamisha shingo wameandikwa (3:5). Wabeba mizigo wa 4:10 hawana majina. Katika kanisa lako ni akina nani wanaobeba kifusi? Fikiri juu ya anayemuuguza mama mkwe kwa mwaka wa sita, au shemasi anayefagia kanisa kila Ijumaa, au anayelipa deni aliloachiwa na marehemu kaka yake. Huyo hapingwi na mtu. Amechoka tu.

Kuna jambo jingine katika 4:12. Wayahudi waliokaa karibu na adui walikuja mara kumi kuwaambia wenzao jinsi hatari ilivyowazunguka. Sanbalati hakuhitaji kutuma mjumbe. Wakulima wa migomba watanielewa. Mnyauko ulipoingia mkoani kwetu katikati ya miaka ya 2000, tulijifunza kwamba wadudu huubeba kutoka ua hadi ua, ndiyo maana tunakata ua dume mapema kwa kijiti chenye panda. Lakini mabwana shamba walitufundisha pia jambo lililotuuma zaidi: panga lako mwenyewe, likitoka kwenye mgomba mgonjwa bila kupitishwa motoni au kuoshwa kwa dawa, linapeleka ugonjwa kwenye mgomba mzima. Mwenye shamba analimaliza shamba lake huku akidhani analihudumia. Wale wa 4:12 hawakuwa wasaliti. Walikuwa ndugu wenye hofu ya kweli, na hofu yao ilipita kutoka nyumba hadi nyumba kama panga lile.

Nehemia aliwajibuje waliochoka? Sioni mahali alipowaambia kwamba imani yao ni haba. Alibadili utaratibu wa kazi. Aliwapanga watu kwa jamaa zao, ili kila mtu aone anayemlinda (4:13). Aliweka tarumbeta, ili aliye mbali asijione peke yake (4:18-20). Naye mwenyewe na watu wake hawakuvua nguo kulala (4:23). Neno lake la kutia moyo katika 4:14 lilikuwa na uzito kwa sababu lilitoka kwa mtu mwenye vumbi lile lile.

KAHAWA IKIWA MAUA

Ndugu msomaji, wengi wetu hufunga Biblia mwisho wa sura ya 4, tukafungua tena sura ya 6 ambako maadui wanarudi. Hivyo tunapata somo zuri la upinzani na ushindi. Lakini kati ya hizo mbili kuna sura ya 5, na kilio cha sura ya 5 hakimhusu Sanbalati hata kidogo. Ni kilio cha watu na wake zao juu ya ndugu zao Wayahudi. Wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate nafaka. Wamekopa ili walipe kodi ya mfalme. Baadhi ya binti zao wamekwisha kuwa watumwa (5:1-5). Wapo wataalamu wanaodhani jambo hili lilitokea wakati mwingine, si katikati ya ujenzi. Sitabishana nao hapa. Maandiko yameliweka katikati ya ukuta, nami nalisoma pale lilipowekwa.

Sasa tunajua zaidi kwa nini wabeba mizigo waliishiwa nguvu. Mchana walibeba mawe pamoja na ndugu zao. Jioni walirudi katika nyumba ambazo hazikuwa zao tena, na aliyezishika ni yule waliyebeba naye mawe.

Huku Karagwe na Kyerwa tuna neno: butura. Kwa ajili ya wasomaji wa mikoa mingine nitalieleza. Kahawa yetu, ambayo sehemu kubwa ni robusta, huvunwa kuanzia karibu na mwezi wa Mei. Lakini ada za shule zinadaiwa Januari, na ugonjwa hauna msimu. Mkulima asiye na kitu anakwenda kwa mwenye fedha na kumuuzia kahawa ikiwa bado maua, au vitunda vibichi mtini. Bei anaipanga mnunuzi. Msimu ukifika, mkulima anapalilia, anachuma na kuanika, kisha mwenzake anakuja na magunia. Serikali imeikataza biashara hii mara nyingi, na viongozi wa ushirika wameipinga hadharani. Inaendelea, kwa sababu inafanyika usiku kati ya watu wawili wanaojuana.

Wanunuzi wa butura si watu wa nje peke yao. Nalijua hili kwa sababu mimi nilikuwa mmoja wao.

Nilikuwa mwalimu kijana, mwenye mshahara. Jirani yangu, tuliyesali naye, alikuja usiku. Mtoto wake alikuwa amelazwa. "Mwalimu, nisaidie, nichukulie kahawa yangu." Nilimpa fedha, na mtoto alitibiwa akapona. Nilijiambia kwamba nimemsaidia. Mavuno yalipofika nilibeba magunia matatu ya maganda, na fedha niliyokuwa nimetoa haikufika thamani ya gunia moja. Mwaka uliofuata alikuja tena, maana aliyeuza maua hana cha kuuza msimu ukifika, na Januari itamkuta tena mlangoni kwa mtu. Siku za Sabato tulikaa benchi moja. Wakati wa maombi alipoinuka kueleza kwamba maisha yamemwelemea, mimi ndiye niliyeteuliwa kumwombea. Nilimwomba Mungu ampe uvumilivu. Sikuwa najifanya. Nilimaanisha kila neno.

Mtu atasema, na nimeambiwa: mnunuzi naye anajitia hatarini. Mvua ikikosekana, au maua yakipukutika, hasara ni yake. Ni kweli. Tena kukopesha si dhambi. Kumkopesha ndugu mhitaji ni agizo (Walawi 25:35-37). Lakini bei ya butura haikupimwa kwa hatari ya mvua. Ilipimwa kwa haja ya mtu aliyebisha hodi saa nne usiku. Torati inakataza hapo hapo: shida ya ndugu yako isiwe faida yako.

Sasa rudi kwenye ile alama tuliyoiweka. Nehemia alipokusanya wakuu na mashehe, aliwakemea wazi. Lakini katika 5:10 anasema kwamba yeye pia, na ndugu zake, na watumishi wake, wanawakopesha watu, na anawasihi waiache riba pamoja. Mtu aliyejihesabu ndani ya dhambi katika maombi ya sura ya 1 amejihesabu tena ndani yake mbele ya mkutano. Hapa maombi ya miezi minne yalizaa tunda ambalo huenda yeye mwenyewe hakulitarajia. Yalikuwa yamemzoeza kutojitoa nje. Katika Manabii na Wafalme, Ellen G. White alilipa jambo hili sura nzima, nami nawashauri viongozi wa vikundi waisome kabla ya Sabato.

Yakobo anafuata mpangilio huo huo. Sote tunaujua wito wake wa kuvumilia kama mkulima anayengojea mvua (5:7). Ni wangapi tunakumbuka kinachoutangulia? Aya sita za kwanza anawageukia matajiri waliozuia ujira wa wavunaji, na kusema kilio cha wavunaji hao kimefika masikioni mwa Bwana. Kwanza mwenye kuzuia anaambiwa aache. Ndipo mwenye kuzuiliwa anaambiwa avumilie. Sisi tumeichukua nusu ya pili tukaihubiri kwa wote. Matokeo yake, neno vumilia, ambalo ni neno takatifu, limekuwa neno ambalo mwenye kushiba humwambia mwenye njaa ili aendelee kukaa kimya.

Je, basi tusimwambie mtu aombe na kuvumilia? Tumwambie. Nisingekuwa na imani leo kama watu hawangeniambia hivyo siku zangu za giza. Lakini jifunze kutoka kwa Nehemia kuuliza kwanza: mzigo huu aliobeba, kuna sehemu yake niliyoiweka mimi? Kama ipo, maombi yangu kwa ajili yake yaanzie hapo. Kikundi cha Shule ya Sabato cha watu kumi na wawili kinaweza pia kufanya jambo dogo lakini la maana: kuweka mfuko kuanzia msimu wa mavuno, ili Januari ikifika mwenzao akope humo bila kuuza maua. Nimeona vikundi viwili vikijaribu. Kimoja kilivunjika kwa sababu ya mtunza hazina. Kingine kinaendelea.

Baada ya sura ya 5 maadui walirudi. Walimwita Nehemia mara nne kwenye bonde la Ono, naye mara nne akawajibu kwamba yuko katika kazi kubwa na hawezi kushuka (6:2-4). Maombi yake hapo ni mafupi sana: Mungu autie nguvu mkono wake (6:9). Ukuta ulikamilika kwa siku 52 (6:15). Ono haikuweza kumshusha mtu ambaye watu wake walikuwa wamerudishiwa mashamba.

Baada ya ibada siku ile ya Kyerwa nilimfuata yule mzee, tukatembea pamoja. Hakutaka kusema mengi. Kahawa yake ilikuwa imekwenda ikiwa maua, na huo ulikuwa mwaka wa tatu. "Aliyeichukua ni mtu mwema," alisema. "Tunasali naye. Usije ukamtaja kwa Mchungaji." Nikamweleza habari ya jirani yangu na magunia matatu.

"Ulirudisha?" aliniuliza.

"Nilirudisha, Mzee."

"Lini?"

Nehemia aliwaambia warudishe siku ile ile (5:11). Mimi ilinichukua miaka kumi na mmoja, na wakati huo jirani yangu alikuwa amekwisha kufariki. Nilizipeleka fedha kwa mjane wake. Mama yule alizipokea kwa mikono miwili, akazihesabu taratibu, akaniambia mumewe hakuwahi kunisema vibaya.

Mzee alitembea kimya mpaka njia panda ya kwenda shambani kwake. "Miaka kumi na mmoja," alisema. Kisha akaniuliza kama nitakuwapo jioni kufunga Sabato.